Zilizofichwa, Zilizofichika au Zilizokataliwa? Vyombo vya Habari na Injili za Wagnostiki

Muhula uliopita, katika somo la tafsiri, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu alisoma mbele ya darasa insha aliyoipa kichwa "Injili Zilizofichwa". Kiswahili chake kilikuwa fasaha, upatanisho wa kisarufi haukuwa na dosari, na hoja zilifuatana vizuri. Alieleza kwamba hapo kale zilikuwapo injili zaidi ya 80; kwamba mwaka 325 Kaisari Konstantino aliwakusanya maaskofu mjini Nisea, wakachagua nne na kuzichoma nyingine; kwamba chache zilizosalimika zilifukuliwa jangwani; na kwamba humo imeandikwa waziwazi kuwa Yesu alimwoa Maria Magdalena. Alipomaliza, nusu ya darasa ilipiga makofi. Nusu nyingine ilinuna, na msichana mmoja aliyekaa mbele akasema kwa sauti ya chini kwamba maneno kama hayo hayafai hata kutamkwa.

Nilimwuliza mwandishi ameyapata wapi. Akajibu kuwa ameyapata katika filamu na katika video fupi alizotumiwa kwenye simu. Nilitaka kumsahihisha papo hapo, nikajikuta sina la kusema. Nilijua tu kwamba habari hizo "si kweli". Ukweli wenyewe ni upi, sikuujua. Mwalimu anayelikataa jambo asilolijua hana tofauti kubwa na mwanafunzi anayelikubali bila kulijua. Nilimwomba anipe wiki mbili. Makala haya ni matunda ya wiki hizo.

Makala haya hayakusudii kumhubiria mtu wala kumwondolea mtu imani yake. Jarida hili ni la lugha, na wasomaji wake ni walimu na wanafunzi wa lugha. Hoja yangu ni moja: sehemu kubwa ya upotoshaji unaoenezwa na vyombo vya habari kuhusu maandiko haya ni kosa la usomaji. Ni kosa ambalo sisi walimu wa lugha na fasihi, kuliko watu wengine, tunao uwezo wa kulibaini na wajibu wa kulirekebisha.

Chanzo cha uvumi

Maelezo ya mwanafunzi wetu, karibu neno kwa neno, yanatoka katika riwaya ya The Da Vinci Code ya Mmarekani Dan Brown, iliyotolewa mwaka 2003, na filamu yake iliyoongozwa na Ron Howard mwaka 2006. Mwaka huohuo wa 2006, mwezi Aprili, shirika la National Geographic lilitangaza kwa kishindo Injili ya Yuda, pamoja na filamu yake ya televisheni. Mwaka 2012 ikaja habari ya kipande cha mafunjo kilichoitwa "Injili ya Mke wa Yesu". Tangu hapo maneno hayo yamekuwa yakizunguka katika redio, magazeti na simu zetu, kila anayeyasimulia akiongeza chumvi yake.

Tukumbuke kwamba riwaya ya Brown inaanza na ukurasa unaomhakikishia msomaji kuwa nyaraka zinazoelezwa ndani yake ni za kweli. Wasomaji wengi waliuchukua ukurasa huo kama kiapo cha mahakamani. Lakini ukurasa huo upo ndani ya riwaya; ni sehemu ya usimulizi. Shaaban Robert alipoandika Kusadikika mwaka 1951, jina lenyewe la nchi lilimtahadharisha msomaji, wala hakuna mwanafunzi wetu aliyewahi kuitafuta Kusadikika katika ramani. Brown alifanya kinyume chake: aliipamba hadithi kwa majina ya miji, makanisa na vitabu vilivyopo kweli, kisha akatuambia tusadiki. Mbinu hiyo si kosa la mwandishi wa riwaya. Kosa ni la msomaji, na zaidi la mwanahabari, anayeinukuu riwaya kana kwamba ni kumbukumbu ya mkutano.

Hapa Kigali tunao mfano mzuri wa jinsi maneno yanavyobadilika njiani. Katika filamu za agasobanuye, mfasiri huzungumza juu ya sauti za waigizaji, akifupisha, akifafanua na kutia utani wake. Mtazamaji hutoka akiamini kuwa amesikia filamu, kumbe amemsikia mfasiri. Ndivyo ilivyo kwa injili hizi. Ziliandikwa kwa Kigiriki, zikafasiriwa kwa Kikopti, zikafasiriwa tena kwa Kiingereza na Kifaransa, zikachukuliwa na mwandishi wa riwaya, riwaya ikawa filamu, filamu ikakatwa vipande vya dakika mbili. Mwanafunzi wetu alikuwa mtu wa saba au wa nane katika mnyororo huo.

Kilichofukuliwa ni nini?

Mwezi Desemba mwaka 1945, karibu na mji wa Nag Hammadi huko Misri ya juu, wakulima walikuta mtungi wenye vitabu 13 vya mafunjo vilivyojalidiwa kwa ngozi. Mafunjo ni mmea uleule tunaouona mabondeni kando ya Nyabarongo na ambao kwa Kinyarwanda tunauita urufunzo. Vitabu hivyo vilinakiliwa katika karne ya 4, kwa lugha ya Kikopti, na vina maandiko 52, baadhi yakijirudia. Leo vimehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho ya Kikopti mjini Cairo, na tafsiri kamili ya Kiingereza, chini ya uhariri wa James M. Robinson, ilitoka mwaka 1977. Yeyote anaweza kuinunua au kuiazima maktabani.

Humo mna Injili ya Tomaso, ambayo ni mkusanyiko wa semi 114 bila masimulizi ya kifo wala ufufuko. Mna Injili ya Filipo, sala, mahubiri, na masimulizi marefu kuhusu asili ya ulimwengu. Mna hata kipande cha Jamhuri ya Plato, mwanafalsafa aliyeishi karne nne kabla ya Yesu. Injili ya Maria haikutoka hapo: ilikuwa katika kitabu kilichonunuliwa Cairo mwaka 1896 na kuchapishwa mwaka 1955. Hati za Bahari ya Chumvi, zilizoanza kupatikana Qumran mwaka 1947, ni jambo jingine kabisa. Hizo ni hati za Kiyahudi, na hamna humo injili hata moja wala jina la Yesu. Riwaya ya Brown inaziweka pamoja na za Nag Hammadi na kuziita kumbukumbu za mwanzo kabisa za Ukristo. Ni sawa na mtu kukuta maktaba mbili katika miji miwili akadai zote ni za mwenye nyumba mmoja.

Wengi wa waandishi wa maandiko ya Nag Hammadi huitwa Wagnostiki, kutokana na neno la Kigiriki gnosis, yaani maarifa. Kwa jumla walifundisha kwamba ulimwengu huu wa mwili uliumbwa na nguvu ya chini isiyomjua Mungu wa kweli, na kwamba mtu huokolewa kwa kujua asili yake ya kiroho. Hapa kuna kinyume ambacho filamu haikukiona. Inadaiwa kwamba injili hizi zinamwonyesha Yesu aliye binadamu wa kawaida, na kwamba uungu wake ulipigiwa kura Nisea. Ukizisoma, katika nyingi unamkuta Yesu aliye roho zaidi kuliko yule wa Mathayo au Luka. Katika Ufunuo wa Petro wa Nag Hammadi, Yesu wa kweli anacheka akiwa juu ya msalaba huku mwili tu ukiteswa. Na kuhusu wakati, wataalamu wengi wanaziweka injili nne katika karne ya 1, na za Wagnostiki kuanzia karne ya 2. Injili ya Tomaso peke yake ndiyo ambayo wengine huirudisha nyuma zaidi, na mjadala wake unaendelea.

Kitenzi kimoja, kauli mbili

Sasa turudi kwenye kichwa cha insha: "Injili Zilizofichwa". Kila mwalimu wa sarufi anajua kwamba kauli ya kutendwa inadai mtenda, hata asipotajwa. Nikisema "funguo zimefichwa", msikilizaji atauliza: na nani? Nikisema "funguo zimefichika", natumia kauli ya kutendeka. Naeleza hali tu, simshitaki mtu. Kiambishi kimoja kinatosha kuzaa mshitakiwa. Vyombo vya habari vilichagua -w-, na papo hapo msikilizaji akamwona askofu akifunga sanduku kwa kufuli.

Tuulize basi: nani alizificha? Askofu Ireneo wa Lyon, karibu mwaka 180, aliandika vitabu vitano kuwapinga Wagnostiki. Alieleza mafundisho yao kwa urefu, akaitaja hata Injili ya Yuda kwa jina. Anayetaka kuficha kitabu hakitangazi kwa jina mbele ya umma. Zaidi ya hayo, Ireneo tayari anasisitiza kuwa injili ni nne, wala si zaidi wala si pungufu, na hiyo ni miaka 145 kabla ya Nisea. Orodha ya kwanza tunayoijua yenye vitabu vyote 27 vya Agano Jipya kama tulivyonavyo leo, bila kupunguza wala kuongeza, ni ya Askofu Atanasi wa Aleksandria katika barua yake ya Pasaka ya mwaka 367, yaani miaka 42 baada ya Nisea.

Na Nisea je? Mtaguso ule ulijadili mafundisho ya padri Ario kuhusu Mwana na Baba, tarehe ya Pasaka, na kanuni 20 za nidhamu. Orodha ya vitabu vya Biblia haimo katika kanuni hizo. Maaskofu wawili tu ndio waliokataa katakata kutia sahihi upande wa Ario. Kisa cha vitabu kuwekwa kando ya altare ili Mungu avitenge vya kweli na vya uongo kinatoka katika maandishi ya karne ya 9, zaidi ya miaka 500 baadaye. Ni kweli kwamba Konstantino aliamuru vitabu vya Ario vichomwe, lakini hivyo ni vitabu vya Ario, si injili. Wala Wakristo hawakungoja Nisea ili wamwabudu Yesu: mtawala Mrumi Plinio, aliyekuwa mpagani, alimwandikia Kaisari Trajan karibu mwaka 112 kwamba Wakristo humwimbia Kristo kama mungu.

Hata hivyo, nisije nikaegemea upande wa pili kupita kiasi. Injili hizi zilikataliwa, na kukataliwa kulikuwa na madhara. Barua ileile ya Atanasi inaonya dhidi ya vitabu vinavyoitwa vya siri. Katika zama ambazo kila kitabu kilinakiliwa kwa mkono, kitabu kisichosomwa kanisani hakikupata mnakili, na kisichopata mnakili kilioza. Walioshindwa katika mabishano waliachwa wasimuliwe na wapinzani wao kwa karne nyingi. Hilo ni jambo zito, nasi tunaojua thamani ya sauti zilizonyamazishwa hatuna budi kulitaja. Lakini jina lake ni kukataliwa, kisha kusahauliwa. Si kufichwa.

Bado neno "siri" lina mahali pake katika habari hii, na hapo ndipo usomaji wa kifasihi unapotusaidia zaidi. Injili ya Tomaso, tangu mwanzo wake, inajitangaza kuwa ni maneno ya siri. Injili ya Yuda inaanza vivyo hivyo. Nyingine jina lake hasa ni Kitabu cha Siri cha Yohana. Kumbe hazikufichwa: zenyewe ndizo zilizosema zimejificha! Siri ilikuwa sifa ya utanzu, namna ya kumwambia msomaji kwamba yeye ni miongoni mwa wachache walioteuliwa. Cha kuchekesha, Kitabu cha Siri cha Yohana kimetufikia katika nakala nne. Siri iliyonakiliwa kwa bidii namna hiyo si siri sana. Magazeti yetu hayajaacha mbinu hiyo: kichwa cha habari kinachoanza na "Siri nzito" huuza kuliko kinachoanza na "Taarifa". Mwanahabari wa leo alichukua mbinu ya mwandishi wa karne ya 2 akaifanya ushahidi wa kihistoria.

Mwenzi, pepo na kutengwa

Kosa la pili ni la tafsiri. Katika riwaya, mhusika mmoja mwenye elimu anatoa Injili ya Filipo na kudai kwamba neno linalomtaja Maria Magdalena kama mwenzi, katika Kiaramu cha siku zile, lilimaanisha mke. Injili ya Filipo tuliyonayo ni ya Kikopti. Neno lenyewe ni koinonos, mkopo kutoka Kigiriki. Luka analitumia neno hilohilo, katika sura ya 5, kwa Yakobo na Yohana waliovua samaki pamoja na Simoni, na hakuna aliyewahi kudai ndoa hapo.

Mwalimu wa Kiswahili hahitaji kamusi ya Kikopti ili aielewe shida hii. Tuna neno "mwenzi". Mwenzi wa safari, mwenzi wa kazi, mwenzi wa ndoa. "Mwenzangu" naweza kumwambia mwalimu wa chumba cha pili. Je, miaka 1,800 ijayo, mtu akiokota barua yangu yenye neno "mwenzangu", atakuwa na haki ya kutangaza harusi? Neno linaweza kubeba maana ya ndoa, lakini muktadha ndio unaoamua. Na muktadha una tundu, kwa maana halisi: pale injili inaposema Yesu alikuwa akimbusu Maria, mafunjo yameharibika na neno linalofuata halipo. Neno "mdomo" lililosikika katika filamu ni la wanaojaza pengo. Tena kitabu hichohicho kinaeleza busu kuwa ni njia ya waamini kupokezana neema, na Paulo naye aliwahimiza wasomaji wake wasalimiane kwa busu takatifu.

Injili ya Yuda inatoa somo kali zaidi. Tafsiri ya National Geographic ya mwaka 2006 ilimwonyesha Yuda kuwa rafiki wa siri wa Yesu, shujaa asiyeeleweka, na magazeti ya dunia nzima yakaandika hivyo. Mwaka 2007 mtaalamu wa Kikopti April DeConick alionyesha kwamba neno daimon, ambalo Yesu anamwita Yuda, lilikuwa limefasiriwa "roho" ingawa katika maandiko ya namna hii kwa kawaida humaanisha pepo. Alionyesha pia kwamba mahali palipofasiriwa kuwa Yuda ametengwa kwa ajili ya kizazi kitakatifu panasema ametengwa nacho. Tazameni kitenzi chetu "kutengwa": "ametengwa kwa ajili ya wateule" na "ametengwa na wateule". Kihusishi kimoja, na shujaa anageuka kuwa pepo. Wataalamu wengine waliendelea kutofautiana, lakini mjadala huo haukupata vichwa vikubwa vya habari kama tangazo la kwanza.

Kuhusu ile "Injili ya Mke wa Yesu": vipimo vilionyesha kwamba mafunjo yake ni ya kale, na wengi wakashangilia. Mwaka 2016 uchunguzi wa mwandishi wa habari Ariel Sabar kuhusu aliyekuwa mmiliki wake ulimfanya Profesa Karen King, aliyeitangaza, akiri kwamba yaelekea ni ya kughushi. Karatasi kuukuu haithibitishi kwamba wino nao ni mkuukuu. Na tuseme la haki: wakati mwandishi wa riwaya alikuwa akiuza vitabu, ni mwandishi wa habari mwingine aliyefuatilia ukweli. Vyombo vya habari vinaweza kupotosha. Vinaweza pia kuponya.

Mambo ya kwetu

Tusidhani kwamba hayo ni ya Marekani tu. Katika mihadhara ya dini nchini Tanzania na Kenya, kitabu kinachonukuliwa mara kwa mara ni Injili ya Barnaba, kikidaiwa kuwa injili ya asili iliyofichwa na Wakristo. Mswada wake wa Kiitaliano, uliohifadhiwa Vienna, ni wa karne ya 16. Lonsdale na Laura Ragg waliuchapisha Oxford pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1907, na tafsiri ya Kiarabu ikatoka Cairo mwaka 1908. Ndani yake Yesu anafika Nazareti kwa chombo cha majini, ingawa Nazareti iko milimani. Mwaka wa jubilei unatajwa kuwa wa kila miaka 100, ilhali katika Torati ni kila miaka 50. Hesabu ya 100 ilianzishwa na Papa Bonifasi wa Nane mwaka 1300. Aidha, wengi huuchanganya mswada huo na Waraka wa Barnaba, ambao ni wa kale kweli lakini ni kitabu kingine kabisa.

Nalisema hili kwa heshima kwa ndugu zetu Waislamu, ambao miongoni mwao nimepata walimu wangu bora wa Kiswahili. Kitabu hicho kinamwita Muhammad Masihi, ilhali Kurani inampa Isa cheo hicho. Uislamu haukihitaji, na wapo wanazuoni wa Kiislamu waliokwisha kulisema hilo. Mjadala wa dini mbili unaojengwa juu ya mswada wa aina hiyo hauwezi kumfikisha yeyote mbali.

Siku hizi kinachovuma zaidi katika simu ni "Biblia ya Ethiopia iliyofichwa na Wazungu", na hasa Kitabu cha Henoko. Kitabu hicho hakikufichwa na yeyote. Kanisa la Kiorthodoksi la Ethiopia limekisoma kwa Kige'ez karne baada ya karne, kikiwa miongoni mwa vitabu vyake 81. Waraka wa Yuda katika Agano Jipya unakitaja. Msafiri wa Kiskoti James Bruce alirudi Ulaya na nakala tatu mwaka 1773, na tafsiri ya Kiingereza ikatoka mwaka 1821. Kwa hiyo, tunapokiita "kilichofichwa" tunawafuta Waethiopia katika historia yao wenyewe, kana kwamba kitabu kipo tu pale Mzungu anapokiona. Anayedhani anaitetea Afrika kwa video hiyo anaidharau bila kujua.

Yapo pia maandiko ya pembeni, yasiyo ya Wagnostiki, ambayo tunaishi nayo kila siku. Majina ya wazazi wa Bikira Maria, Yoakimu na Ana, hayamo katika Biblia. Yanatoka katika Injili ya Yakobo ya karne ya 2 inayosimulia utoto wa Maria. Wakatoliki wa Rwanda huwakumbuka watakatifu hao kila tarehe 26 Julai. Kisa cha mtoto Yesu kufinyanga ndege wa udongo na kuwapa uhai kimo katika Injili ya Utoto iliyopewa jina la Tomaso, na muujiza kama huo unatajwa katika Kurani, katika sura za Al Imran na Al-Maida. Mtoto wa madrasa kule Nyamirambo na bibi mwenye rozari kule Kabgayi wanabeba, bila kujua, mabaki ya vitabu vilivyoachwa nje ya Biblia.

Tufanye nini darasani?

Haingekuwa haki kuyatupia lawama magazeti na filamu peke yake. Dhana kwamba Maria Magdalena alikuwa kahaba haikutoka Hollywood. Ilienezwa na mahubiri ya Papa Gregori Mkuu mwaka 591, aliyewaunganisha wanawake watatu wa Injili kuwa mmoja. Kanisa Katoliki liliwatenganisha katika kalenda yake mwaka 1969. Na mimbari inayomjibu kijana kwa kusema "usiulize" inamsukuma kwenye simu, ambako hakuna anayemwambia asiulize, na hakuna pia anayemjibu sawasawa.

Katika nchi hii, tangu mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, tunajua kwamba sauti ya redio isiyohojiwa inaweza kuua. Silinganishi riwaya na uovu ule. Nasema tu kwamba mazoea ya kuuliza hayagawanyiki. Anayefundishwa kuuliza mbele ya video ya Injili ya Yuda atauliza pia mbele ya sauti nyingine, siku ambayo kuuliza kutakuwa na gharama kubwa zaidi.

Napendekeza basi kwamba walimu wa tafsiri na wa uhakiki tuyatumie maandiko haya kama mazoezi, bila kuingilia imani ya mtu. Mwanafunzi aulizwe: andiko hili ni la lugha gani, na nakala yake ni ya lini? Nani anasema humo, na anamwambia nani? Ni la utanzu gani? Anayelisimulia amelisoma, au amesimuliwa? Na kitenzi alichotumia, mtenda wake ni nani?

Wiki mbili zilipokwisha nilimrudishia mwanafunzi wetu insha yake pamoja na maelezo haya. Sikumpa alama, nilimwomba aiandike upya. Yule msichana wa mbele aliomba nakala ya Injili ya Tomaso, akaisoma, akarudi akilalamikia usemi wa mwisho, wa 114, unaodai kwamba mwanamke sharti afanywe mwanamume ili aingie katika ufalme. Alitaka kujua kwa nini filamu iliyozisifu injili hizi kuwa mtetezi wa wanawake haikuusoma usemi huo. Mwandishi wa insha alikosa jibu, nami vilevile. Wakaanza kubishana, kila mmoja akiwa na maandishi mkononi.